Anayejua Ndiye Anayeambiwa

Sogeeni kidogo kwenye benchi, jamani, leo roho imenichafuka. Tunashinda hapa Alupe, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, wauza muhogo tunawaona kutwa. Lakini mmewahi kutega sikio mkasikia wanavyomweleza kila mnunuzi? Ntch! Mimi nimesikia, na sijapenda.

Anashuka dalali wa makopa, muhogo mkavu, kwenye pikapu. Hata bei hajaitaja. Anachukua kipande, anakivunja karibu na sikio asikie kama kimekauka sawasawa, anakigusa kwa ncha ya ulimi, anatema. Kisha maswali: umetoka shamba gani? Uliuvundika siku ngapi? Mvua ya juzi iliukuta umeanikwa? Na mama muuzaji anamjibu yote, bila kuficha, mpaka gunia lipi lilianikwa kwenye turubai na lipi juu ya mwamba. Anajua huyu akidanganywa harudi tena.

Anakuja mama jirani. Hao wawili wanasemezana Kiteso: lile fungu chungu, la unga, hili tamu, la kuchemsha. Wamemalizana.

Halafu anakuja mtoto wa chuo. Hapo Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopewa hati yake mwaka 2022, wanasoma vijana waliotoka kila pembe ya Kenya, na wapo ambao kwao muhogo haulimwi kabisa. Anataka wa kuchemsha anywe nao chai. "Mama, fungu ni pesa ngapi?" "Hamsini." Anahesabiwa chenji, anafungiwa mfuko, anaondoka. Hamsini ndiyo habari yote aliyopata!

Hebu niambieni. Dalali anayeweza kuutambua muhogo kwa ulimi ndiye anayepewa maelezo marefu. Mama aliyezaliwa kwenye mashamba hayahaya anakumbushwa. Na yule asiyejua kitu, asiyejua hata kama kuna jambo la kuuliza, ndiye anayeondoka na bei peke yake. Tumeyageuza mambo kichwa chini miguu juu.

Na msiniambie eti ni jambo dogo. Muhogo mchungu una sumu ya sayanidi. Bibi zetu hawakuwa wanajichosha bure walipoumenya, wakaulundika na kuufunika mpaka ukaota ukungu, wakaukwangua, wakauanika siku nyingi ndipo wakausaga pamoja na mtama au wimbi. Kazi yote ile ni ya kuitoa sumu. Ukiutia tu sufuriani ukachemka saa moja, sumu bado imo. Na jua likiwa kali, mvua ikiadimika, sumu huzidi ndani ya mzizi, kwa hiyo hata mzoefu hapaswi kujiamini kupita kiasi.

Mnakumbuka ya Kasese, hapo Uganda, Septemba 2017? Watu walikula ugali wa muhogo, baadhi yao kwenye matanga. Waliougua walikuwa 98, wawili wakafa. Wachunguzi waliufuata ule unga duka hadi duka mpaka wakafika kwa muuzaji mmoja wa jumla. Walipoupima wakakuta sumu karibu mara tisa ya kiwango kinachokubalika. Pale katikati, kutoka shambani mpaka kwenye sufuria ya matanga, muhogo ule ulipita mikono mingapi? Kila mkono uliuliza bei. Swali la ni muhogo wa aina gani, uliandaliwaje, lilipotelea njiani.

Nawasikia mnavyonong'ona: akimwambia mwanafunzi kwamba ni mchungu, atakimbia. Akimbie! Si kuna fungu la mtamu palepale? Muuzie hilo. Kesho atarudi, na mwenzake wa chumbani atamleta. Muhogo mchungu una wateja wake, nao hawapungui kwa sababu mtoto mmoja ameambiwa ukweli.

Tena sisemi muuzaji amwage kila kitu. Dalali akitaka kujua ulinunua kwa bei gani ng'ambo ya mpaka, au nani anakukopesha, hiyo ni siri ya biashara yako, mjibu kwa tabasamu. Wala mwanafunzi hana haja ya kusomewa majina ya mbegu za watafiti wa kilimo wa KALRO hapo jirani. Anataka maneno machache tu, kwa Kiswahili anachokielewa: "Mwanangu, huu usichemshe, huu ni wa unga. Chukua huu." Basi, amehudumiwa. Siri ya mfuko wako ni yako, lakini linalohusu tumbo la mteja ni haki yake. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji na haki ya kulindwa afya yake. Haikusema mnunuzi mjuzi tu, wala anayenunua kwa gunia tu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba akina mama hawa si wabaya. Ukiwauliza wanakueleza kwa moyo mweupe, hata watakuelekeza namna ya kuvundika. Wamezoea tu kwamba asiyeuliza anajua. Hapa zamani ilikuwa kweli, kwa sababu kila aliyesimama mbele ya fungu alikuwa mtu wa hapa. Siku hizi kuna chuo, kuna madereva wa malori wanaosubiri foleni ya Malaba, kuna wafanyakazi waliohamishiwa hapa mwezi jana. Nusu ya wateja ni wageni!

Basi nawaombeni. Mama zetu watenganishe mafungu, chungu lisikae mkeka mmoja na tamu, na mgeni aambiwe kabla hajatoa hela. Nanyi vijana wa boda, mkimpakia mwanafunzi na mfuko wa muhogo, muulizeni ameambiwa ni wa kufanya nini. Akisema hajui, mrudisheni kwa mama akaulize kabla hamjawasha pikipiki.