Mkesha Juu ya Kitanda

Mchaga anayekula Krismasi Dar es Salaam lazima aulizwe kulikoni. Desemba mabasi yanajaa pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ukoo mzima unapanda Moshi, na atakayebaki ajiandae kujieleza. Mwaka ule nauli ya watu sita kwenda na kurudi, na ada za Januari zinabisha hodi, haikuwezekana. Baba watoto akampigia mama yake: "Mama, safari hii ushuke wewe." Akashuka, na mkungu wa ndizi za mtori, dumu la maziwa mgando, na Biblia yake imefungwa ndani ya kanga.

Mama mkwe wangu ni mzaliwa wa Machame, kwenye Ulutheri ulioshika mizizi tangu wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893. Kwao, ng'ombe wakishakatiwa majani na vyombo vikishaoshwa, watu wanakaa kwa ibada ya jioni, mgeni awepo asiwepo. Sisi huku Mbagala nasi tuna saa yetu: saa mbili kasorobo usiku, kabla ya taarifa ya habari. Televisheni inazimwa, simu zinapangwa juu ya friji, mtoto mmoja anasoma, mwingine anaomba. Robo saa tu. Jioni ya kwanza Bibi alikaa, akasikiliza, kisha akaniambia, "Hiyo ishike, mwanangu. Hata siku nyumba ikiungua, ishike."

Nyumba haikuungua. Ilijaa maji.

Tarehe 24 ilianza na fundi cherehani. Vitambaa vya watoto alikuwa navyo tangu Novemba, na kila tukienda ni "njoo kesho, vimebaki vifungo." Asubuhi hiyo tukakuta kibanda kimepigwa kufuli na simu yake haipatikani. Nyuma ya kufuli lile kulikuwa na magauni mawili, suruali mbili, na joho la mwanangu wa miaka tisa, aliyepangiwa kuwa Yusufu kwenye igizo la shule ya Jumapili usiku uleule wa mkesha.

Saa nane mchana mvua ikashuka. Mtaa wetu uko bondeni na mtaro wake umeziba kwa chupa na mifuko, kwa hiyo maji hayana adabu ya kupita nje. Yaliingia kwa mlango wa uani, yakavuka jiko, yakafika sebuleni na ndala za watu wote. Baba watoto na kijana mkubwa wakapandisha makochi juu ya matofali. Kuku wa sikukuu tukawahamishia bafuni, wakapanda juu ya pipa na kuanza ugomvi. Tawi la mvinje tulilolisimika kwenye ndoo ya mchanga na kulipamba likaanguka na nyota yake. Gesi ikaisha nyama ikiwa haijaiva, mkaa umelowa, kisha umeme nao ukakatika. Jioni ukaja ujumbe kutoka usharikani: barabara haipitiki, igizo limehamishiwa ibada ya asubuhi.

Saa mbili kasorobo ilipofika, baba watoto alikuwa amesimama na ufagio mkononi, matope hadi magotini. "Mama watoto, leo kila mtu aombe kimoyomoyo, tulale."

Nikakataa. Naziona nyumba nyingi za Wakristo hapa mjini Desemba inavyozichukua: wiki za Majilio zinaishia Kariakoo, watu wanabandika pamba kwenye mti wa plastiki iwe theluji huku jasho linawatiririka, na ibada inangoja nyumba itulie. Nyumba yenye watoto haitulii. Nguo mpya ni haki ya mtoto sikukuu, pilau pia, sina ugomvi navyo. Ila vikitangulia vyenyewe, siku vikikosekana mtoto ataambiwa nini? Kwamba Krismasi haikuja?

Bibi hakungoja uamuzi. Alishapanda kitanda chetu, kanga imefunguliwa, miwani puani. Tukapanda wote saba, miguu tumeikunja, maji yanacheza chini ya uvungu. Binti mkubwa akamulika kwa tochi ya simu na kusoma Luka mlango wa pili, tangu amri ya kuhesabiwa watu hadi wachungaji wa kondeni. Kitindamimba akauliza kama na kule Bethlehemu maji yaliingia.

"Hatukuambiwa," Bibi akasema. "Tuliloambiwa ni kwamba nafasi haikuwepo."

Zamu ya kuomba ilikuwa ya Yusufu wetu. Aliwaombea kuku, akawaombea wanaolala nje, akamwombea fundi cherehani afungue mlango. Baba yake ndiye aliyeanzisha wimbo, na tuliimba mpaka sauti ya mvua ikawa ndogo.

Alfajiri maji yalikuwa yamepungua na jirani wa nyumba ya pili alikuwa mlangoni. Wao ni Waislamu. Idi sahani hutoka kwao kuja kwetu, Krismasi tukibaki mjini hutoka kwetu kwenda kwao, na kuku wetu huchinjwa na mume wake ili tule pamoja. Alishasikia habari ya joho. Alileta kanzu nyeupe ya mwanawe, ile ya Idi, imepigwa pasi ya mkaa, na akauliza sufuria ya pilau iko wapi, jiko lake ni kavu.

Alikaanga vitunguu hadi vikawa kahawia iliyokolea, akatia kitunguu saumu, binzari nyembamba, mdalasini na hiliki, wakati sisi tuko njiani kwenda kanisani na viatu mkononi. Watoto walivaa nguo za Pasaka. Yusufu alisimama mbele ya usharika kwa kanzu iliyomfika sawasawa kwenye vifundo, akabisha hodi nyumba ya wageni mara tatu kwa sauti iliyosikika hadi viti vya nyuma, na Bibi akamsemea amina kabla igizo halijaisha.

Fundi alifungua kibanda tarehe 27. Magauni yalikuwa tayari, suruali zimebaki vifungo. Watoto walizivaa nguo hizo ibada ya Mwaka Mpya.