Hii Gemu Ni Kitu Gani, Jamani?

Shemeji yangu ana kibanda cha mabati Kawangware, hatua chache kutoka steji ya 56. Ndani mna televisheni mbili, viti vya plastiki, na vijana ambao mama zao wanadhani wametumwa dukani. Mchezo ni wa mpira: aliyefungwa anaachia padi, foleni inasogea. Biashara safi. Taabu ni wageni.

Anakuja wa kwanza, faili kwapani. Anatazama skrini na kutikisa kichwa. "Mzee, hizi ni picha zinazotembea. Hapa mnaonyesha filamu." Anataka leseni. Wa pili anatega sikio mlangoni: kuna wimbo unaopigwa kabla mechi haijaanza, basi huu ni ukumbi wa muziki. Wa tatu anaona vijana wakipeana noti baada ya mechi, anatabasamu: kamari hiyo. Wa nne hajali kilichomo ndani. Anapima kibanda kwa macho na kuuliza kibali cha biashara. Siku moja shemeji alijitetea kwamba hii ni programu ya kompyuta tu. Akaulizwa kama programu yenyewe ni halali. Tangu siku hiyo amejifunza kunyamaza na kuagiza soda.

Na msidhani wageni hawa hawana pa kushikia. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, ni ya mwaka 1962. Mwaka uo huo, kule Marekani, wanafunzi wa MIT walikuwa wakicheza Spacewar!, gemu ya vyombo viwili vya angani vinavyorushiana makombora. Waliotunga sheria Nairobi hawakuwa na habari hiyo. Wao walifikiria sinema. Gemu zikaja baadaye, zikakuta viti vyote vimeshapangwa, na kila mwenye kiti sasa anazivuta zikae kwake.

Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ndiyo iliyonimaliza. Mpwa wangu wakili alinifafanulia tukiwa tumekwama Waiyaki Way, mahali ambapo mtu hana pa kukimbilia. Programu ya kompyuta, akasema, imewekwa katika kundi la kazi za fasihi. Fasihi! Kumbe kijana wangu wa gredi ya tisa, ambaye insha yake ilirudi nyumbani na wino mwekundu mwingi kuliko wa buluu, hukesha usiku kucha akishughulikia fasihi. Zile picha zinazotembea, mpwa akaendelea, ziko kundi jingine. Muziki nao una kundi lake.

Chukua Nairobi X, gemu ya Andrew Kaggia na kampuni yake ya Black Division iliyotoka 2015, ambamo viumbe kutoka anga za mbali wanavamia mji wetu, kana kwamba foleni hazitutoshi. Kwa sheria yetu, kazi ya fasihi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Filamu hulindwa miaka 50 tangu itoke, basi. Kwa hiyo gemu hii ikihesabiwa kuwa filamu, ikifika 2066 itakuwa ya watu wote, viumbe kwa majengo. Ikihesabiwa kuwa programu, wajukuu zangu waketi wasubiri.

"Sasa ni ipi?" nikamuuliza.

"Inategemea, mjomba."

Tuliuza mbuzi na kuitisha harambee ili mtoto asome, arudi kutuambia inategemea.

Gemu ikiwa kwenye diski, mimi sihitaji wakili. Nashuka mjini, naingia kwenye yale maduka yaliyobanana ya Luthuli, nampa muuzaji diski ambayo kijana ameichoka. Anaigeuza kwenye mwanga akitafuta mikwaruzo, anaipangusa kwa shati, anakunja uso ili bei ishuke. Tunavutana, naongeza kidogo, naondoka na nyingine. Hivi majuzi nikamuuliza kuhusu ile ambayo kijana aliipakua kwa M-Pesa yangu na kuichoka kabla ya wiki kwisha. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, hiyo haiuziki. Hiyo ulikodi." Nilikodi? Wakati wa kulipa sikusikia kodi yoyote ikitajwa isipokuwa VAT, asilimia 16.

Mpwa akanipoza moyo kwamba hata Ulaya wamelia. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba aliyenunua programu kwa kuipakua, na leseni yake haina kikomo, anaweza kumuuzia mwenzake. Chama cha kutetea wanunuzi cha Ufaransa, UFC-Que Choisir, kikaishtaki Valve, wenye duka la Steam, na 2019 mahakama ya Paris ikakipa ushindi. Shangwe haikukaa. Mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikapindua uamuzi, na Oktoba 2024 mahakama ya juu ya Ufaransa ikagonga muhuri. Gemu si programu tupu, wakasema. Ina picha, ina sauti, ina hadithi. Kwa hiyo ruhusa ya kuuza programu haiihusu.

Yaani uzuri wake ndio ulioninyima haki. Ingekuwa gemu mbovu, haina picha wala wimbo, pengine ningeiuza! Na uzuri huohuo ndio unaomletea shemeji wageni kutwa. Ikifika zamu ya mnyonge kutoa, gemu ni filamu, ni muziki, ni kamari na ni duka, vyote kwa siku moja. Ikifika zamu yake ya kupata, inakuwa kitu cha ajabu kisicho na mfano duniani, kinachohitaji majaji wa Paris.

Mimi si mtu mgumu. Bunge likae liamue. Likisema ni programu, niruhusiwe kuipeleka Luthuli kama ninavyopeleka diski. Likisema ni filamu, nitakubali pia, mradi ifuate desturi ya filamu: baada ya saa mbili majina yapite kwenye skrini, taa ziwashwe, na kila mtu, kijana wangu akiwa wa kwanza, aende akalale.