Sekunde 30 za Nyanya

Nyumba yetu Kibokoni haitulii, na picha ya usiku inataka utulivu. Wiki nzima, baada ya Isha, nilipandisha kamera na stendi yake paani nipige Fort Jesus. Ngome iliyosimama tangu 1596 ikawa inatoka na kingo mbili.

Niliweka ISO 100, tundu la lenzi f/11, sekunde 30. Kumbe kidole changu kikibonyeza tu, kamera inatikisika. Nikatumia taima ya sekunde 2. Kisha nikazima mtambo wa lenzi unaotuliza mtikiso wa mkono, maana juu ya stendi huweza kutafuta mtikiso usiokuwepo ukauleta wenyewe.

Ukabaki upepo wa kusi. Nikaning'iniza chini ya stendi kikapu cha mama chenye kilo 5 za mchele. Kikabembea, picha zikazidi kuharibika, halafu mkono wake ukakatika na mchele wa biriani ya Ijumaa ukamwagika paa zima. Mama hakusema neno. Alinipa uteo. Mimi na dada yangu tuliokota hadi saa 5 usiku. Kesho yake nikatia mawe, nikakishusha kikapu mpaka kikagusa sakafu, na ngome ikatulia.

Ndipo Nyanya akaja na tochi kuanua kanga, akapita mbele ya lenzi mara mbili. Picha ikatoka na mstari mweupe unaoelea, asiwepo mtu.

"Mjukuu wangu, tochi yangu naiona. Mimi niko wapi?"

"Ulipita upesi, Nyanya. Na buibui lako ni jeusi."

"Niko nyumba hii tangu kuolewa, na kwenye picha simo?"

Neno lile lilinichoma. Nikamweleza kuhusu Daguerre, aliyepiga barabara ya Paris mwaka 1838. Picha ilichukua dakika kadhaa, magari ya farasi na wapita njia wakapotea. Akaonekana mtu aliyesimama akisafishiwa viatu.

"Basi niletee kiti."

Akaketi, taa ya ngazini ikimwangaza, ngome nyuma yake. Zilipokwisha sekunde 30, kamera ilichukua 30 nyingine kusafisha chengachenga, naye hakuinuka. Uso umetoka safi, kila kunyanzi. Vidole vilivyokuwa vikivuta tasbihi vimekuwa ukungu.

Hiyo ndiyo iliyoko sebuleni. Ya ngome peke yake sikuichapisha.