Baba Karuhusiwa, Mimi Nimelazwa

Kumwona daktari ni foleni toka alfajiri. Ila akishaandika ruhusa, na bili ikishalipwa, hospitali zetu zinapata mbio za ajabu: shuka jipya linatandikwa mgonjwa wako angali anatafutiwa kandambili.

Baba amepata kiharusi, upande wa kulia umepooza. Maelekezo nilipewa koridoni, muuguzi anatembea, mimi namfukuzia. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Mfuko wa mkojo usipande juu ya kibofu. Mkimlisha kwa mpira, mwinueni, na akae hivyo nusu saa baada ya kula.

“Usiku pia tumgeuze?”

“Dada, ngozi hailali.”

Sawa. Baba ana watoto sita: watano wako kwenye kundi la WhatsApp, mimi niko chumbani. Kaka mkubwa, aliyeko Mwanza, hutuma sauti kila asubuhi kukumbusha uji wa ulezi. Ulezi wenyewe hatumi.

Na wageni! Wanakuja kumjulia hali mzee, wanakunywa chai hadi magharibi, na kila mmoja ana dawa yake: mlonge, habasoda, mafuta ya nyonyo. Shangazi kaniambia niache kumgeuzageuza, namchosha mgonjwa. Kumgeuza kwenyewe unakunja goti lake, unashika bega na nyonga, unamvuta kwako, halafu unatafuta mkono wa tatu wa kupachika mto mgongoni. Huo mkono wa tatu ndio ningemwomba shangazi, lakini umeshika kikombe.

Kazini nikaomba siku chache. Afisa utumishi akafungua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mtoto akiugua au akifariki, siku 4 zenye malipo. Mzazi akifariki, zimo pia. Mzazi akiugua? Akapekua mbele, akarudi nyuma.

“Labda dada, Mungu apishe mbali, akisha…” Hakumalizia. Akainama kutafuta kalamu, na kalamu iko mkononi.

Basi nimechukua likizo yangu ya mwaka. Wenzangu ofisini wamenitakia mapumziko mema. Kaka naye kaandika kundini: “Hongera dada, sasa utapumzika.” Nikamjibu kwa picha ya risiti ya pampasi za watu wazima. Tiki zimegeuka buluu, maana yake wote watano wameiona. Mmoja ameweka kidole gumba.