Jinsi ya Kumsahaulisha Mtoto Uwiano

Mwalimu mwenzangu, kazi uliyopewa si ndogo. Mtoto anafika kwako Darasa la Sita akiwa tayari anaujua uwiano. Ametumwa dukani tangu hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Anajua kwamba maandazi matano yakiuzwa sh. 1,000, ya sh. 600 ni matatu, na akipewa mawili hatoki pale kibarazani bila maneno. Nyumbani anapika wali: kikombe cha mchele, viwili vya maji, wageni wakiongezeka anaongeza vyote na hamuulizi mtu. Ukimwacha hivyohivyo atafaulu, na lawama zitakuwa zako.

Anza na ubao. Andika UWIANO kwa herufi kubwa, pigia mstari mara mbili, kisha toa fasili. Fasili iliyo bora ni ile ambayo wewe mwenyewe huwezi kuirudia bila kuchungulia kitabu. Wainakili. Tuseme wapo 90 na vitabu ni 15: watasongamana sita sita, na mmoja wao atakuwa anasoma herufi zimepinduka miguu juu. Chunga ulimi wako usije ukawaambia kwamba msongamano huo ndio somo lenyewe, 90 kwa 15, yaani sita kwa moja. Na ile bendera wanayoipandisha mstarini kila asubuhi, ambayo upana wake kwa urefu ni 2 kwa 3, iache ipepee kwa amani. Mtoto akigundua kwamba ya Burundi ni 3 kwa 5 na ya Kongo Kinshasa ni 3 kwa 4, ataanza kupima na kuchora, na kipindi kitakuponyoka.

Sasa walete Juma, Asha na Ali. Wagawie sh. 35,000 kwa uwiano wa 1:2:4. Kwa nini Ali apate mara nne ya Juma? Akitokea wa kuuliza, mjibu kwamba swali ndivyo linavyosema. Watoto wa Pwani wachunge zaidi, maana hao wameona chombo kikirudi na samaki: mwenye chombo ana fungu lake, mwenye nyavu lake, na mabaharia wanagawana linalobaki. Pale kila fungu lina sababu, na watu wanaweza kubishana juu yake hadi adhana ya magharibi. Ubishi wa namna hiyo unafundisha mno. Baki na Juma, hana chombo, hana nyavu, wala hajawahi kulalamika.

Silaha yako kubwa ni msalaba. Namba mbili juu, mbili chini, chora mistari miwili inayokatana, zidisha, gawanya, jibu hilo hapo. Wafundishe msalaba siku ya kwanza, kabla hawajapata nafasi ya kufikiri. Uzuri wake ni kwamba haukatai kitu. Kanga 3 zimeanikwa juani zikakauka kwa saa 2, je, kanga 12? Msalaba utasema saa 8, na darasa zima litaandika saa 8, hata yule binti ambaye jana tu alianika za nyumba nzima zikakauka kwa pamoja.

Kuna kosa moja ambalo nakusihi usilitibu, maana likikomaa linadumu hadi utu uzima. Waambie sharubati ya ukwaju inachanganywa kwa vikombe 2 vya ukwaju na 3 vya maji. Halafu uliza: tukitia 4 vya ukwaju, maji mangapi? Wengi watajibu 5. Kule umeongeza viwili, na huku ongeza viwili, haki sawa kwa wote! Hapo andika kosa kwa wino mwekundu, sema “sita” na upite. Usije ukaleta jagi darasani. Mimi niliwahi kulileta, kwa ujinga wa ujana. Nilichanganya la 4 kwa 6 na la 4 kwa 5, nikawaonjesha. La kwanza walilinywa kimya. La pili, binti wa mbele alifumba jicho moja, akasema, “Mwalimu, hili limekaza.” Nikamuuliza limepungukiwa nini. “Kikombe cha maji.” Kipindi kizima kikaishia kwenye kunywa, wakaelewa, na nikachelewa sana kwenye mada inayofuata.

Wasomi nao wanaweza kukuharibia. Mwaka 1985 watafiti watatu, Carraher mwanamume, Carraher mwanamke na Schliemann, walichapisha waliyoyakuta Recife, Brazili, kwa watoto wachuuzi. Mmoja wa miaka 12 aliuza nazi moja cruzeiro 35. Wakamwomba 10. Hakuandika namba wala sifuri. Alijua 3 ni 105, akajumlisha tatu nyingine, na tatu nyingine, akafika 315, akatia ile ya kumi, 350. Watoto haohao walipopewa hesabu za namna ileile kwa karatasi na penseli, walianza kukosea walichokipata barabarani. Utafiti huo ukikufikia, ufungie kabatini. Mwalimu mkuu asiuone.

Uwiano wa kinyume una raha zake. Mafundi 6 wanajenga choo cha shule kwa siku 8, kwa hiyo 48 watakimaliza kwa siku moja. Usiishie hapo. Siku ya kazi ina saa 8, basi mafundi 384 watakimaliza kwa saa moja. Wasimame wapi, nani awapikie, na saruji ikauke saa ngapi, hayo si ya Hisabati.

Na kama kuna mtoto aliyenusurika na yote haya, tulia. Kidato cha Kwanza kinamngoja, na huko uwiano wake wa Kiswahili utavuliwa jina na kuvishwa Kiingereza.

Nakiri, hata hivyo, kwamba mwongozo huu haujanifaa kila mara. Shule moja niliyofundisha ilikuwa inamwaga zege la kibaraza cha madarasa. Asubuhi yake nilitoa jaribio, swali la tatu: saruji, mchanga na kokoto vimechanganywa kwa 1:2:4, jumla ndoo 35, mchanga ni ndoo ngapi? Kijana mmoja wa dawati la nyuma aliandika 70. Nikampa kosa, nene, lililopenya hadi ukurasa wa pili. Mchana nikatoka kunyoosha miguu, nikamkuta amekunja suruali hadi magotini, ndoo mkononi, anabishana na saidia fundi aliyemzidi umri mara mbili.

“Kaka, saruji umetia tano. Mchanga hizo nane. Bado mbili.”

“Zinatosha bwana, leta kokoto.”

“Kokoto ishirini nitakuletea, lakini mchanga bado mbili. Kipasuke halafu tuambiwe sisi?”

Fundi mwenyewe hakuinua uso. “Msikilize mtoto,” alisema, akaendelea kusawazisha.

Zikaletwa mbili. Nikarudi ofisini, nikalitafuta daftari lake kwenye rundo, nikaitazama ile 70 na wino wangu juu yake. Sikuufuta. Kibaraza kile hadi leo hakina ufa.