Sifa za Gasketi Inayovuja

Lucian wa Samosata, mwandishi wa karne ya pili, alimsifu nzi kwa maneno matamu hata msomaji aliyekwisha kuinua kandambili akasita. Erasmus naye, mwaka 1511, alichapisha kitabu ambamo Upumbavu unapanda jukwaani kujisifu wenyewe. Kwamba wote wawili waliisahau gasketi ya tapeti kava si kosa lao. Hawakuwa na gari. Sisi tunaoendesha magari yaliyokwisha kuchoshwa na watu wengine ng'ambo hatuna udhuru huo.

Mheshimiwa mwenyewe si mtu wa makuu. Ni ukanda wa mpira uliolala kati ya hedi ya injini na mfuniko wake wa juu. Juu anabanwa na bolti, chini anachapwa na oili ya moto, na miaka inapita hakuna anayemtaja, hata siku ya sevisi. Joto linamkausha polepole, mpira unapoteza mnepo, halafu siku moja, badala ya kugoma, analia tone moja. Ni nani kazini kwenu aliyedhulumiwa hivyo akalalamika kwa adabu kama hiyo?

Ukweli wake ndio unaonishangaza zaidi. Gari lisilovuja laweza kuwa limejaa oili au halina kitu. Hujui mpaka ufungue boneti uchomoe stiki, kazi ambayo wengi wetu tuliiacha wiki ileile tuliyonunua gari. Linalovuja linakupa taarifa kila asubuhi, bure, pale pale sakafuni. Wasiwasi uanze siku litakapoacha kuvuja na hakuna aliyeligusa.

Halafu utazame linavyolinda mali. Oili ikidondokea manifoldi ya eksozi inaungua, na harufu yake inapita kwenye matundu ya hewa mpaka ndani. Shemeji aliyezoea kuazima gari kila Jumapili ataazima mara moja tu. Waomba lifti watakumbuka ghafla kwamba wanapenda kutembea. Na kwa wakazi wa Tanga, Mombasa na Dar, ambako chumvi ya bahari inakula bodi kuanzia chini, kuna faida nyingine: sehemu iliyolowa oili haishiki kutu. Ni kweli kwamba hailindi mahali unapotaka, inalinda mahali ilipomwagikia, lakini msaada wa bure hauchaguliwi.

Gasketi pia inatupima uwezo wetu wa kusikiliza. Peleka gari gereji, fundi atainama, atagusa kwa kidole, atanusa, kisha atasema kwa sauti ya daktari: "Bosi, hapa lazima tushushe injini." Nawe utajibu kama ulivyolelewa: "Sawa fundi, nitakutafuta." Hapo ndipo uchumi wa nyumbani unapoanza. Osha injini ikiwa imepoa, ikauke, nyunyiza poda ya mtoto kuzunguka mfuniko, zunguka mtaa kidogo, kisha fungua boneti. Poda nyeupe itakuwa imechora mstari wa kahawia kutoka pale pale panapovuja. Usiku tandika boksi chini ya gari. Tone la kahawia au jeusi ni oili ya injini. Jekundu mara nyingi ni la gia boksi ya otomatiki. La kijani au waridi ni maji ya rejeta. Maji meupe matupu ni ya kiyoyozi, na kama kiyoyozi chako bado kinafanya kazi, makala haya si ya watu wa hadhi yako.

Spea inapatikana Gerezani ukiwa Dar, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi. Kazi yenyewe ni ya asubuhi moja. Unatoa koili au waya za plagi, unafungua bolti, unainua mfuniko. Ukikuta oili imejaa kwenye visima vya plagi, umejua kwa nini injini ilikuwa inamisi. Zile pete ndogo za mpira za visimani nazo zibadilishwe papo hapo, kwa kuwa zimezeeka pamoja na mwenzao. Ziba kwa vitambaa kila tundu linaloelekea ndani ya injini. Kisha kwangua mabaki ya gundi ya fundi wa zamani, na usitumie bisibisi, maana alumini inakwaruzika na kila mkwaruzo ni mfereji. Kadi ya benki iliyoisha muda inafaa sana. Isiyoisha nayo inafaa, kwa salio lile tunalolijua.

Sasa tufike kwenye tyubu ya silikoni, ile inayonuka siki. Huyu ndiye msaidizi wa maskini, na ndiye anayewamaliza. Silikoni hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo hali ya hewa ya pwani, ambayo inakausha jinzi kwa siku mbili, inaikausha silikoni upesi. Penye gasketi ya mpira inatakiwa kidogo tu, kwenye kona na pale mfuniko unapokutana na duara za kamshafti, mstari wa milimita 2 au 3. Lakini mtu wa bajeti ana imani kwamba ameilipia tyubu nzima, kwa hiyo anaimaliza. Inayobaki nje inaonekana vibaya tu. Iliyobanwa ikaingia ndani inamenyeka, inateremka mpaka kwenye sampo, inaziba chujio la pampu ya oili. Sijaona njia nafuu kuliko hiyo ya kujinunulia injini nyingine.

Bolti nazo zina mtihani wake. Kwenye injini nyingi ndogo zinataka kukazwa kwa newtoni mita 8 hadi 10 hivi, nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega. Unaanzia katikati ukielekea pembeni, kidogo kidogo, kwa zamu. Ukikaza kwa hasira mfuniko unapinda, mpira unachomoza upande, au uzi wa bolti unang'oka kwenye alumini nawe unabaki na spana inayozunguka kirahisi ajabu. Baada ya hapo, silikoni iachwe saa 24. Majirani watapita kuuliza kama gari limekufa. Waitikie salamu tu.

Waendesha bodaboda wana utukufu wao. Gasketi ya mfuniko wa klachi ni karatasi, na karatasi ya gasketi huuzwa kwa kipande. Fundi wa kijiweni hahitaji mkasi. Anailaza juu ya mfuniko, anagongagonga ukingoni kwa nyundo ya kichwa cha mviringo, taratibu, mpaka ukingo wenyewe wa chuma ukate umbo lake. Kwenye tundu la bolti anaweka gololi ya beringi, anagonga mara moja, na kiduara kinadondoka kimekatika safi. Nimewahi kukaa nikitazama kazi hiyo nikasahau nilikokuwa nakwenda.

Sifa hizi, nieleweke, haziendi kwa gasketi ya silinda hedi. Yule ni wa ukoo mwingine. Akiharibika, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, eksozi inatoa moshi mweupe usiokwisha, na hedi lazima ipelekwe kwa wachonga vyuma ikapimwe kama imepinda. Poda ya mtoto na kadi ya benki hapo hazisaidii kitu.

Na kabla hujafunga boneti, chomoa ile valvu ndogo ya kupumulia injini, uitikise. Ikilia ndani, nzuri. Ikiwa kimya, imeganda kwa uchafu, presha haina pa kutokea, na huenda ndiyo iliyomsukuma mheshimiwa wetu alie. Ukiiacha hivyo ukaziba juu vizuri, presha itatafuta sili nyingine iliyochoka, hasa ile ya nyuma ya kranki. Kuifikia hiyo ni mpaka gia boksi iteremke, na namba ya fundi uliyemwambia utamtafuta bado unayo.