Lori Limekwama

Jumatatu. Dogo wa programu kaachia transpoti, yaani furushi la mabadiliko, asubuhi: ripoti mpya ya madeni ya wateja. Kwenye SAP, badiliko huzaliwa kwenye mfumo wa waandaaji, likapita mfumo wa majaribio, ndipo liingie laivu. Hili limegoma hatua ya kwanza, limerudi na namba 8. Namba 0 ni salama, 4 ni onyo, 8 ni kosa, 12 ni balaa. Logi imeeleza vizuri tu: ripoti inaita jedwali ambalo majaribio halipo. Jedwali limo kwenye transpoti ya mtu mwingine, hajaiachia, yuko msibani Moshi na simu kazima.

Nikampigia dogo. "Kaka, mbona kwangu inafanya kazi?" Nikamweleza kwamba kwake jedwali lipo. Akasema amenielewa, ila kwake inafanya kazi.

Jumanne. Wa Moshi kawasha simu, kisha kompyuta, kaachia jedwali. Nimeingiza jedwali kwanza, ripoti ikafuata. Namba 0. Dada wa uhasibu akapita mezani.

"Imeshapita?"

"Imepita majaribio. Ijaribuni, mkiikubali naipeleka laivu."

"Sisi tumeshaikubali."

"Mmeijaribu?"

"Tutaijaribu ikiwa laivu."

Jumatano. Mshauri wa nje katuma transpoti kwa barua pepe. Transpoti moja ni faili mbili: inayoanza na K hukaa folda ya cofiles, inayoanza na R hukaa folda ya data. K ni karatasi ya safari, R ndiyo mzigo. Yeye katuma K. Foleni ikaipokea bila neno, nilipoanza kuingiza ikasema haioni faili ya data. Nikamwandikia kwamba imebaki R. Akajibu upesi, kwa heshima, akiomba radhi kwa usumbufu. Kaambatanisha K, safari hii kaizipu.

Alhamisi. Nimebonyeza kitufe chenye picha ya lori, uingizaji ukaanza, ukasimama. Hakuna kosa wala onyo. Meneja akaja kusimama nyuma ya kiti changu, akashauri tuzime seva na kuiwasha. Mtu wa mtandao naye akashauri hivyo hivyo. Mlinzi alikuwa anapita tu, lakini naye aliona ni wazo zuri.

Nikaangalia kazi za nyuma ya pazia. Inayoitwa RDDIMPDP haipo. Hiyo ndiyo huamka kila tp, programu inayoingiza transpoti, inapoacha kazi mezani. Isipokuwepo, tp husubiri, na haina tabia ya kukata tamaa. Ikabainika kuna mtu alifuta kazi "za zamani" ili mfumo uwe mwepesi. Nikaendesha programu ya RDDNEWPP, kazi ikapangwa upya, lori likaondoka. Meneja kawaarifu wakubwa kwamba seva imezimwa na kuwashwa.

Ijumaa. Uhasibu wameijaribu ripoti kwa kuitazama, wakasaini. Jioni, watu walipotoka kwenye mfumo, nikaingiza jedwali, kisha ripoti, laivu. Namba 4.

"Nne maana yake nini?" akauliza meneja.

"Onyo. Ngoja nisome linasema nini."

"Kwa hiyo imepita."

Nikasoma peke yangu. Maelezo ya Kiingereza ya safu moja hayakutafsiriwa. Imepita.

Dada wa uhasibu akaifungua ripoti hapo hapo, akaitazama kwa muda. Akasema tarehe ingekaa kushoto, siyo kulia. Nikamwambia dogo atarekebisha Jumatatu, itoke tena kwa waandaaji, ipite majaribio, muijaribu, msaini.

"Si ubadilishe tu huku huku laivu?"

"Laivu imefungwa, dada. Haibadilishwi kwa mkono."

"Nani kaifunga?"

"Wakaguzi wa hesabu ndio wanaotaka iwe hivyo."

Akatoa simu. "Nipe namba yao."